Spea ya toleo la kwanza kwenye bunduki ya Ssalongo ilivyoondoka na vidole vyangu vitatu vya mguu

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Hili jambo nimekaa nalo tangu mvua zilizopita. Leo naliandika lilivyokuwa, na majina nitataja, maana mimi si mtu wa kuzunguka. Atakayeona naongopa aje Katwe aulize yule fundi anayechechemea. Ataletwa mpaka mlangoni.

Kiswahili changu ni cha kambini. Baba alikuwa askari, nikazaliwa kambini, shule nikaishia darasa la tano, jeshi nikaingia mwenyewe. Watanzania mkikuta r imekaa mahali pa l, mnivumilie. Sisi wa Kampala ndivyo tulivyo.

Kitu kingine. Bunduki ninazozitaja hapa zote ziko kwenye kitabu. Zina namba, zina leseni, zinakaguliwa. Wale wa kukimbilia kuandika "mods futeni uzi" watulie. Simfundishi mtu kutengeneza chochote. Naongea habari ya spea kuchakaa, na habari ya roho yangu.

Twende.

Jeshini nilikuwa ghala la silaha. Kusafisha, kupaka mafuta, kuangalia kipi kimelika na kukiweka pembeni. Miaka kumi na minne. Nikatoka na cheo cha sajini na mgongo mbovu.

Aliyenichukua mtaani ni Ssalongo. Kwa msio wa Uganda, Ssalongo ni jina la heshima la baba wa mapacha, la kuzaliwa hakuna anayelitumia. Ana karakana hapa Katwe. Tunatengeneza vitasa, sefu za maofisi, mashine za kusaga. Tena tuna kibali cha kurekebisha bunduki za watu wenye leseni, wafugaji na wazee wenye bunduki za urithi.

Yeye mwenyewe anazo nne za marehemu baba yake, kwenye kabati la chuma pale pale karakana. Anazipenda kama wengine wanavyopenda magari.

Kati ya hizo nne, moja ndiyo yenye kesi. Mitutu miwili kando kwa kando, kitako chekundu, na kwenye chuma wamechora kware wawili wanaruka. Bunduki ya zamani kweli. Kiwanda chake kiliacha kutoa spea kabla sijavaa gwanda.

Ndani ya bunduki kama hiyo kuna kipande kidogo kama ukucha. Kazi yake ni kushika nyundo isianguke mpaka uvute triga. Kambini tulikiita sia. Sia ya upande wa kulia ilikuwa imevunjika.

Nilimwambia Ssalongo mbele ya mafundi wote: "Mzee, hii itundike ukutani. Spea yake haipo duniani."

Akakubali. Miaka ikapita, neno langu likabaki ndilo la mwisho.

Asubuhi alikuwa anapiga kelele, "Sajini, leta stuli!" Tunakunywa chai wawili, yeye na mimi, mlangoni. Mafundi wengine wanakunywa kwao huko kwenye mashine. Wakuu, sijasoma, shamba sina, mke alishaondoka zamani. Kile kistuli ndicho kilikuwa cheo changu.

Kisha akaja Fiston.

Fiston ni Mkongo wa upande wa Bukavu, ana mke na watoto wawili, karatasi zake ziko sawa. Ssalongo alimchukua kwa ajili ya mashine ya kukereza chuma, jina lake likaongezwa kwenye kibali. Mtu wa kwaya. Anaingia karakana ovaroli imepigwa pasi! Katwe hii ya masizi, mtu anapiga pasi ovaroli. Na marashi juu.

"Papa Sajini, jambo. Umelala muzuri?"

Kila siku hivyo. Kwa adabu. Mngekuwa mimi mngemchukia pia.

Ana mikono. Nisidanganye. Kitu ninachokihangaikia kutwa yeye anakishika, anakizungusha, anaimba kidogo, kimekubali. Mafundi wakaanza kumpelekea yeye maswali. Mimi nikijibu, wanageuka kumwangalia yeye kwanza kama nimesema kweli.

Mwezi wa tatu wake pale, akaona ile bunduki ya kware.

"Papa, hii kwa nini haifanye kazi?"

"Spea haipo."

Hakubisha. Akatoa simu, akahangaika nayo siku mbili, siku ya tatu akamfuata Ssalongo na kusema amepata.

Hapo ndipo anaingia mhalifu wa kwanza. Jina lake Muyingo. Ana duka lenye leseni Kansanga, juu kidogo ya Ggaba road, tumbo mbele, simu tatu mezani. Alikuwa ameanza kuagiza nje spea mpya za bunduki za zamani, zinatengenezwa na watu wengine kabisa, si kiwanda cha asili. Toleo la kwanza ndiyo kwanza limefika.

Alikuja mwenyewe na kiboksi.

"Sajini, angalia kitu hiki," akaniambia. "Kinashinda original."

"Kimejaribiwa wapi?"

"Ssebo, wewe bado uko vita vya zamani. Siku hizi ni kompyuta inakata chuma."

Watu wakacheka. Fiston hakucheka, lakini hilo nalo liliniudhi.

Fiston akakifunga mwenyewe. Alifanya kazi safi, nilimchungulia muda wote nikitafuta kosa, sikulipata. Alipomaliza, Ssalongo akavuta triga bunduki ikiwa tupu, nyundo ikalia tik. Mzee mzima akafuta macho.

"Fiston, mwanangu, una vidole vya dhahabu."

Mwanangu! Mimi miaka yote hiyo ni Sajini.

Kesho yake asubuhi nikasikia, "Fiston, njoo tunywe chai." Nikadhani tutakuwa watatu. Nikachukua stuli yangu, nikafika, Ssalongo akaipokea mkononi kwangu, "Asante Sajini," akampa Fiston akalie.

Nikarudi kwenye mashine. Chai yangu ilikuwa imewekwa huko, imefunikwa na sahani.

Wakuu, msinicheke. Nimepigwa risasi Kaskazini ikapita begani na sikulia. Siku ile nilienda nyuma ya karakana nikajifanya natafuta msumeno.

Tuendelee.

Ssalongo akaanza kutoka na bunduki yake Jumamosi, kwenye uwanja wa shabaha wenye kibali, nje ya mji. Wazee wenzake wa bunduki za urithi wanakutana huko, wanapiga shabaha za udongo, wanasifiana. Akirudi, kusafisha ni kazi yangu. Hiyo hakuninyang'anya.

Jumamosi ya kwanza ilipigwa kama risasi thelathini. Jumatatu nikaifungua.

Kwenye kitambaa cheupe nikaona unga wa chuma, unang'aa kama vumbi la fedha. Unga kama huo hautoki kwenye spea mpya. Nikachukua kioo cha kukuzia. Ukingo wa ile sia unatakiwa uwe mkali kama wa patasi. Ulikuwa umeanza kuwa duara. Walichofanya wale watengenezaji wake ni kuipa chuma ngozi ngumu nyembamba juu, na ndani wakaacha laini kama kijiko. Ngozi imebanduka, nyundo inakula nyama.

Kule ghala la silaha nisingefikiria mara mbili. Weka pembeni, andika, piga saluti, mwite afande.

Nilifanya nini? Nilitabasamu.

Haki ya Mungu nilitabasamu. Nilijiona nimekaa pale mlangoni, Fiston kasimama mbele ya Ssalongo kainamisha kichwa, "Samahani muzee." Nikasema acha iharibike vizuri kwanza. Iharibike mbele ya wale marafiki zake.

Nikapaka mafuta, nikarudisha kabatini.

Jumamosi ya pili, risasi kama hizo tena. Nikafungua. Ukingo umekwisha nusu. Ssalongo mwenyewe akasema, "Triga imekuwa laini, tamu kabisa!" Alidhani ni ufundi wa Fiston. Fiston akafurahi. Mimi nikanyamaza.

Kwa wasiojua, triga ikilainika yenyewe namna hiyo, ujue sia inashikilia nyundo kwa ncha ya ukucha. Mimi nilijua. Nilishaona kambini bunduki inalia mtu akiiegemeza tu ukutani.

Sasa hapa nieleze utaratibu wetu. Kila bunduki inayotoka kabatini inafungwa kikaratasi cha boksi kwa uzi. Aliyeisafisha mwisho anaandika neno moja au mawili ilivyo. Ssalongo hakubali bunduki itoke bila tagi. Na wakati huo mimi na Fiston tulikuwa hatuongei, yaani mimi ndiye nilikuwa siongei. Akinisalimia naitikia kwa pua. Mambo ya kazi tunaandikiana.

Ijumaa nikaichukua tena kuiangalia. Ilikuwa tupu. Nikatega nyundo, nikaigonga mezani kidogo tu, kama unavyogonga kikombe. Tik. Ikaanguka yenyewe.

Tabasamu likaisha. Nikachukua tagi, nikaandika kwa herufi kubwa:

SIA IMEREGEA.

Maana yangu, haishiki tena. Nikaifunga, nikachukua koti langu, nikapita mbele ya Ssalongo, nikapita mbele ya Fiston. Sikufungua mdomo. Nikajiambia, nimeshasema.

Jumamosi nafika karakana nakuta mkoba wa bunduki uko tayari ndani ya gari. Fiston alikuwa na ufunguo wa kabati siku hizo, ndiye aliyeitoa. Nikauliza wanaenda na ipi. "Ya kware, Papa. Iko tayari."

Nikajua wamesoma tagi yangu wameipuuza. Mimi, sajini wa ghala la silaha, nimeandika kwa mkono wangu na mtu wa kwaya kaitupa.

Hapo wakuu ndipo nilipokuwa na nafasi ya kusema. Maneno mawili tu. Nikapanda kiti cha nyuma, sanduku la risasi mapajani, nikanyamaza njia nzima. Wao mbele wanacheka. Moyoni nasema, haya, mtaona.

Uwanjani wazee wenzake wakaja kusalimia. Ssalongo akamshika Fiston bega.

"Huyu ndiye daktari wa bunduki zangu."

Mzee mmoja akanioneshea kidole, "Na huyu?"

"Huyo ni Sajini. Anatusaidia kubeba."

Kubeba.

Ssalongo akaenda mstarini. Fiston akasimama kulia kwake kumpa risasi, mahali nilipokuwa nasimama mimi. Mimi nilikuwa nyuma, salama kabisa. Ningebaki pale ningekuwa na vidole kumi leo.

Lakini nilitaka kuona. Nilitaka kumwona uso Fiston bunduki itakapomwaibisha. Nikasogea. Hatua, hatua nyingine, nikatokea upande wa kushoto, mbele ya pale mtu anaporuhusiwa kusimama. Ssalongo ameinamisha mitutu chini kama sheria inavyotaka, anaingiza risasi, anafunga.

Hakugusa triga. Ilifungwa tu, ikalia.

Ninachokumbuka kwanza ni udongo usoni. Nikadhani nimeteleza. Nikaangalia buti langu la kushoto, mbele halipo.

Ssalongo bado kashika bunduki, "Sikuvuta! Sikuvuta!" Wazee wanapiga mayowe, kila mmoja anatoa amri yake. Aliyefanya kazi ni Fiston. Aliivua ile ovaroli yake, akaifunga mguuni mwangu akakaza mpaka nikamtukana matusi ya kambini yote ninayoyajua.

"Tukana, Papa. Tukana tu, usilale."

Akaninyanyua mgongoni akakimbia na mimi mpaka kwenye gari. Na hata pale juu ya mgongo wake, damu inatoka, nilikuwa nafikiria ana nguvu kuliko mimi. Wivu hauna aibu wakuu.

Hospitali walinitoa vidole vitatu. Siku ya pili Ssalongo akaja na Fiston, tagi mkononi, ina damu kidogo.

"Sajini, hapa uliandika nini?"

"Niliandika imelegea. Haishiki. Msiitoe."

Fiston akaruka. "Papa, hapana! Hapa hakuna imelegea. Hapa iko imeregea. Kwetu kuregea ni kurudi. Mi nilijua umefungua, umesafisha, umerudisha sia ndani. Njo nikaambia muzee iko tayari!"

Ssalongo akamgeukia. Yeye ni Muganda, kwake l na r ni ndugu wa tumbo moja. "Imeregea ni imeregea! Inatingisika! Nani Kampala hajui? Umekaa Uganda miaka sita unakula matoke yetu, hujui tunavyoongea?"

"Muzee, mi nilisoma vile iko imeandikwa."

"Ungeuliza!"

"Ningeuliza nani? Papa haongeaka na mimi."

Wote wakaniangalia. Nikafumba macho kama mtu anayesikia maumivu.

Akafukuzwa siku hiyo hiyo, pale pale kitandani kwangu. Ssalongo akanishika mkono, "Wewe uliona, ukaandika. Ulituonya." Na mimi nikaacha mkono wangu ndani ya mkono wake.

Basi wakuu, nilipata nilichokitaka. Ufunguo ukarudi, chai ikarudi, stuli ikarudi. Nilikaa pale mlangoni miezi mitatu kama mfalme wa mguu mmoja na nusu.

Muyingo nisimsahau. Mfugaji mmoja alikuja karakana kuona bunduki ile, akasema yake ilifanya hivyo hivyo na spea hizo hizo, akairudisha dukani kabla yetu sisi kununua. Muyingo alimjibu amezidisha mafuta. Kwa hiyo alijua! Alijua akatuletea kiboksi anacheka. Nilipompigia akasema toleo la pili wamebadilisha chuma, niende nikachukue. Muyingo, kama uko humu, chukua wewe.

Sasa Fiston. Alipata kibanda njia ya tatu kutoka kwetu, anachomelea mageti. Kila asubuhi lazima nipite hapo. Kila asubuhi:

"Papa Sajini, jambo. Muguu iko namna gani?"

Miezi mitatu ya salamu hiyo. Siku moja nikashindwa. Nikaingia kibandani nikamwambia yote, kwamba niliona tangu Jumamosi ya kwanza, niliona na ya pili, nikanyamaza. Nilitaka aaibike.

Akazima mashine ya kuchomelea, akavua miwani.

"Nilijua, Papa."

"Ulijuaje?"

"Baada ya ile siku nilifungua bunduki, nikaangalia sia. Chuma haiishe vile siku moja. Na wewe njo ulikuwa unasafisha. Mi pia niko fundi."

"Mbona hukumwambia Ssalongo?"

Akapangusa miwani kwa shati. "Ulikuwa umelala pale, muguu imekatwa. Ningesema nini tena juu yako?"

Akavaa miwani akawasha mashine. Nikabaki nimesimama na cheche zinaruka. Nilikuwa nimemshinda kazi, nimemshinda chai, nikadhani yameisha. Kumbe kuna kitu kingine ambacho sikuwahi hata kujua tunashindania, na hicho alinishinda siku ile ile nimelala kitandani.

Nikaenda moja kwa moja kwa Ssalongo, kwa mdomo safari hii. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mara mbili niliibeba bunduki ile na wewe unajua."

"Ndiyo, mzee."

"Na marafiki zangu wamenizunguka."

"Ndiyo."

Hakufoka. Alitoka kwa miguu, mwenyewe, mpaka kibanda cha Fiston, akamwomba radhi mbele ya watu wa njia nzima. Fiston akaipokea radhi. Kurudi kazini akakataa, ana oda za mageti mpaka mwisho wa mwaka. Ssalongo akarudi kwangu akasema sentensi moja, "Sajini, kuanzia leo wewe ni vitasa."

Basi. Natengeneza vitasa. Bunduki hata kuifuta vumbi siruhusiwi, na mtu aliyewahi kushika ghala zima la silaha anajua maana yake.

Nilichojifunza, kwa wenye bunduki za urithi zenye leseni: spea mpya ya bunduki ya zamani, hasa toleo la kwanza, usiiamini kwa kung'aa. Baada ya risasi chache za mwanzo ifungue, au mpelekee fundi mwenye kibali, aangalie ukingo kwa kioo. Ukiona unga wa fedha kwenye kitambaa, simama hapo hapo. Triga ikilainika yenyewe usifurahi. Na mafundi mnaoona kitu, piteni mkaseme kwa mdomo, hata kwa mtu msiyempenda. Hasa huyo.

Wivu nao? Sijui dawa yake. Jana nimepita, Fiston ameweka kibao kipya chenye jina lake kwa rangi nyekundu. Kimechorwa vizuri, kishenzi. Nilisimama nikitafuta herufi iliyokosewa, sikuiona.

Uwanja ni wenu wakuu. Wenye yaliyowakuta na spea kama hizi wamwage hapa, na wa kunitukana wanitukane, nimezoea. Ila kabla hujaandika, kama kuna bunduki ya babu kabatini na imefungwa sia mpya, nenda kaiangalie kwanza. Matusi yatanikuta tu.